Baiskeli Tatu Katika Nyumba ya Vyumba Viwili

Tunaandika haya sote wawili, mke na mume, mmoja ameshika kalamu na mwingine anasahihisha pembeni, kwa kuwa kosa lililotufanya tuandike lilikuwa letu sote na hatukupenda mmoja wetu alibebe peke yake. Tunakaa Michenzani, mjini Unguja, ghorofa ya tatu, katika nyumba ya vyumba viwili vya kulala, ukumbi, jiko, na roshani nyembamba ambayo watu wawili wakisimama ubavu kwa ubavu hapabaki mahali pa kuweka ndoo. Watoto wetu ni watatu. Baiskeli zetu nazo ni tatu.

Msomaji asiyepafahamu kwetu na ajue kwamba Michenzani ni yale majumba marefu yaliyosimamishwa Ng'ambo baada ya Mapinduzi ya 1964, kwa mpango uliochorwa pamoja na wataalamu wa Ujerumani Mashariki, na ujenzi wake ukaendelea katika miaka ya 1970. Yamejipanga kandokando ya barabara mbili kubwa zinazokatana, na kwa urefu wao wapo wanaoyaita matreni. Nyumba za kale za Ng'ambo zilikuwa na ua, na uani ndipo mlipokaa kuku, kamba ya nguo, kinu, mtungi na baiskeli. Tulipopanda ghorofani kila kimoja kilitafutiwa mahali, na kuku wakaachwa. Baiskeli haikutafutiwa, wala haikuachwa.

Haikuachwa kwa sababu kwetu baiskeli ni riziki. Ya kwanza ni Phoenix nyeusi ya chuma kizito, kadiri ya kilo 20, aliyotuachia marehemu baba wa mmoja wetu, na ndiyo inayokwenda Malindi kazini kila siku isipokuwa Ijumaa. Ya pili ni ya mtumba iliyotoka Japani, fremu yake imeinama katikati ili mwenye buibui apande bila taabu, na mbele ina kikapu. Hiyo humpeleka mmoja wetu katika skuli ya maandalizi anakosomesha, na kurudi hupitia sokoni. Ya tatu ni ya mwanetu wa miaka 11, ambaye huipanda kwenda skuli asubuhi na chuoni jioni. Nauli tusiyolipa kwa sababu ya vyuma hivi vitatu ndiyo inayonunua mchele wa nusu mwezi.

Mwanzo zilikuwa zikilala chini, penye mguu wa ngazi. Usiku mmoja wa Ramadhani, watu wakiwa katika Tarawehe, moja ikaibiwa. Tulikaa miezi mingi tukiweka senti juu ya senti mpaka tukapata nyingine, na siku ile ile tukazipandisha zote hadi kituo cha ngazi baina ya ghorofa ya pili na ya tatu, pale ngazi zinapogeuka, tukazifunga kwa mnyororo na kufuli kwenye chuma cha ukingo. Tuliona tumefanya jambo la busara. Wezi hawakuzifikia tena, nasi tukalala usingizi.

Hatukupima. Lau tungechukua futi ya fundi cherehani tungeona kwamba baiskeli ya mtu mzima ina urefu wa karibu mita moja na robo tatu, na usukani wake upana wa sentimita 60 hivi, na kwamba ukiweka tatu mahali pale, njia inayobaki ni ya mtu mmoja apite kiubavu. Majirani wakapita kiubavu. Wanawake waliobeba ndoo za maji kichwani wakapita kiubavu. Maiti wa ghorofa ya tano alishushwa siku moja ya mwezi wa Shaabani, na tulipoona jeneza linakaribia tukatoka mbio kuziondoa, na baada ya maziko tukazirudisha pale pale. Hilo hadi leo tunalionea haya kuliko mengi mengine.

Hakuna aliyetugombeza. Watu wetu huchukuliana, na anayetaka kukwambia jambo hukuzungushia mpaka ulione mwenyewe. Bibi wa ghorofa ya pili alitusimamisha siku moja, akatuuliza kwa upole, "Wanangu, hizi baiskeli hazipati baridi hapa?" Tukacheka, tukamjibu, "Hapana, Bibi, zimeshazoea." Naye akacheka. Ilitupita hivyo hivyo.

Kisha ikaja asubuhi ile. Umeme ulikuwa umekatika tangu usiku wa manane, na ngazi zetu umeme ukikatika huwa kama ndani ya kisima. Mmoja wetu alikuwa ameshaamka anatia udhu, adhana ya Alfajiri imekwisha kuadhiniwa. Tukasikia kengele ya Phoenix. Ililia mara moja, mlio mfupi, kama mtoto aliyeigusa kwa kidole. Baadaye tukasikia chuma kikianguka, kisha kishindo kingine kizito zaidi, kisha kimya, kisha sauti ya mzee ikitaja jina la Mwenyezi Mungu.

Alikuwa Babu wa ghorofa ya nne. Umri wake umepita miaka 70, na mvua inyeshe isinyeshe hushuka ngazi kwenda kusali jamaa. Tulimkuta amekaa juu ya kidato, kofia imedondoka, mkono wa kulia ameushika kwa wa kushoto, na pindo la kanzu yake limenaswa na pedali. Phoenix imelala juu ya miguu yake. Tulimnasua, tukamnyanyua, na kijana wa jirani mwenye gari akampeleka hospitali. Mfupa wa kifundo cha mkono ulikuwa umepata ufa. Akafungwa plasta, akaambiwa wiki sita.

Sasa tuseme lile lililo zito. Wanawe Babu walipofika, na majirani walipojaa kumtazama, kila mmoja alimuuliza imekuwaje, naye kila mmoja alimjibu maneno yale yale: "Miwani yangu hii. Nimekosa kidato." Mmoja wetu alikuwa amesimama hapo hapo, glasi ya maji mkononi, akalisikia jibu hilo kwa masikio yake, asiseme neno. Na mwingine, wakati huo huo, alikuwa akiziingiza baiskeli ndani ya nyumba moja baada ya moja, upesi, kabla jua halijapanda na mtu hajauliza. Wanawe walipokuja kuziangalia ngazi hawakuona kitu.

Tulinyamaza siku tatu. Usiku tukilala tulikuwa tukiambiana, kesho tutakwenda; na kulipokucha kila mmoja alimsubiri mwenzake aanze. Watoto wetu wanajua, kwa kuwa tumewafundisha wenyewe, ile Hadithi mashuhuri ya Mtume (rehema na amani zimshukie) kwamba imani ina matawi mengi na lililo dogo kuliko yote ni kuondoa chenye kudhuru njiani. Tumewahi kuwasimamisha barabarani ili waondoe mwiba au kipande cha chupa. Nasi tulikuwa tumeweka vyuma vitatu katika njia ya mtu aendaye msikitini, tukavitia na kufuli visiondoke.

Siku ya tatu, Ijumaa, mmoja wetu alikaa roshani kuisafisha Phoenix, kwa sababu ilipoanguka mnyororo uliruka. Alipogeuza pedali akakuta uzi mweupe umejizungusha kwenye mhimili wake, uzi wa kanzu, umeshaanza kuingia weusi wa grisi. Akauvuta ukatoka mrefu, kadiri ya mkono. Hatukuzungumza. Baada ya Asri tulipanda ghorofa ya nne sote wawili na mkate wa ufuta, na uzi ule uko mfukoni.

"Shikamoo, Babu."

"Marahaba, wanangu. Karibuni, kaeni."

Tulimweleza yote, mpaka la kuziingiza baiskeli ndani kwa haraka. Alitusikiliza hadi mwisho. Kisha akasema, "Nyie mnadhani sikujua? Hiyo kengele si ilinililia mimi?" Tukamuuliza kwa nini hakututaja. Akasema, "Ningewataja, wanangu wangeshuka kugombana na nyinyi, na mimi ndiye ningebaki kati ya ngazi kila siku nikizipita hamkani." Tuliomba tulipe gharama za hospitali, akakubali tulipe nusu, nusu nyingine alikwisha kulipa mwanawe na hakutaka irudishwe. Akatusamehe kwa kutamka, mbele ya mkewe, ili pawe na shahidi. Halafu akauliza jambo ambalo hatukulitarajia: "Na hizo baiskeli ziko wapi sasa?"

"Ndani, Babu."

"Ndani wapi?"

Hapo ndipo tulipokwama, na hapo ndipo tunapoomba mama na baba wenye nyumba ndogo kama yetu watuvumilie kidogo, maana maelezo yanayofuata ni ya vyuma na misumari. Kwa siku tatu zile baiskeli zilikuwa ukumbini, zimeegemeana, na ukumbi wetu ndio wanakolala watoto wawili. Mkono wa breki ulichana pazia. Mnyororo ulipaka grisi msala. Binti yetu mdogo aliingiza kidole baina ya spoki, tukashukuru gurudumu lilikuwa limesimama. Babu, ambaye ujanani alikuwa akisambaza mikate kwa baiskeli katika mitaa ya Ng'ambo, alicheka mpaka akaushika mkono wake wa plasta. Alituambia kwamba nyumbani kwao baiskeli ililala ndani pamoja na watu, imetundikwa kwenye boriti. "Baiskeli haitaki sakafu," akasema. "Inataka pa kushika."

Dari yetu ni ya zege, haina boriti, lakini wazo lilikuwa sahihi. Tulimwendea fundi wa kuchomelea akatukunjia kulabu za nondo, kila moja ina kibao cha chuma chenye matundu mawili ya bolti. Kulabu tulizivisha vipande vya mpira wa ndani wa tairi uliokwisha, ili chuma kisikwaruze rimu. Yatakiwa kujua ukuta wako ni wa namna gani kabla ya kutoboa. Fundi alizigonga kuta zetu kwa kidole kilichokunjwa. Zile nyembamba zinazogawa vyumba zinaitika kama debe, na hizo alituonya tusizitwishe kitu. Nguzo ya zege iliyo nyuma ya mlango wa ukumbi haikuitika kabisa. Hapo ndipo alipotoboa, akatumia bolti zile zinazopanuka ndani ya tundu zikikazwa.

Mara ya kwanza tulikosea urefu. Tulitaka baiskeli ining'inie juu kabisa, miguu yote hewani, ipendeze. Kumbe kunyanyua kilo 20 hadi usawa wa kichwa kila jioni, baada ya kuzipandisha ngazi za ghorofa tatu, ni adhabu. Mmoja wetu hakuweza kabisa, na mwingine aliweza siku mbili. Kulabu ikashushwa. Ilivyo sasa, Phoenix husimamishwa juu ya gurudumu la nyuma kama farasi anayeinua miguu ya mbele, ikasukumwa hadi ukutani, na gurudumu la mbele likaingia kwenye kulabu, huku la nyuma likigusa sakafu kwa mbali. Uzito mwingi unabaki chini, na mkono unafanya kazi ya kuelekeza tu. Ile ya kikapu imepata kulabu iliyo juu zaidi kwa shibiri moja, ili sukani zisigongane. Hiyo huinuliwa kidogo kwa kuingiza goti chini ya tandiko. Siku ya kwanza tulisahau kwamba kikapu kina ndimu, zikatiririka ukumbini na watoto wakazifukuza. Ya mtoto ni nyepesi, hiyo imelazwa kimapana juu ya mlango wa jiko kwa kulabu mbili. Nyuma ya magurudumu tumebandika kipande cha zulia la plastiki, kwani tairi huacha mstari mweusi ukutani ambao sabuni haiuondoi. Matundu ya makosa yetu ya mwanzo tumeyaziba kwa saruji, na rangi bado.

Roshani tuliikataa kwa sababu mbili. Jua la kwetu hukausha mpira wa tairi mpaka ukapasuka nyufa nyembamba, na upepo wa bahari una chumvi. Watu hudhani kutu ni ya mvua peke yake. Aishiye kisiwani anajua kwamba chumvi iliyotua juu ya chuma huvuta unyevu hata siku isiyo na wingu, na chuma kikawa hakikauki.

Lakini kuiweka baiskeli ndani ya ukumbi tunamosali kulileta swali jingine. Magurudumu yamepita barabarani penye maji ya mifereji, kinyesi cha ng'ombe, na mbwa pengine. Mmoja wetu alianza kuyaosha magurudumu kila jioni kwa wasiwasi mkubwa, ndoo mbili za maji zilizopandishwa kwa mkono, maana mabomba ya juu kwetu hayana maji kila siku. Tukamuuliza ustadhi anayesomesha darsa baada ya Magharibi. Alitukumbusha kwamba asili ya kitu ni tohara mpaka ipatikane yakini ya najisi, na kwamba shaka haiondoi yakini. Na kwamba wanavyuoni wa madhehebu yetu ya Kishafii wamesamehe tope la barabarani kwa kiasi ambacho ni vigumu mtu kujiepusha nacho. Ukiona najisi kwa macho, iondoe na uoshe pahala pake. Usipoiona, usiitafute. Na msala, akasema, hautandikwi chini ya baiskeli, kwani hilo ni suala la adabu hata kama hakuna najisi. Akaongeza kwamba Mtume (rehema na amani zimshukie) imepokewa kuwa alitia udhu kwa kibaba kimoja cha maji, yaani mudi, kadiri ya viganja viwili vilivyojaa, basi ndoo mbili kwa gurudumu ni nyingi. Tangu siku hiyo mwenye wasiwasi amepumzika na mabega yake pia.

Sasa tunasafisha mara moja kwa wiki, Alhamisi jioni, kwa nusu ndoo. Siri yake ni kuanza kwa ukavu. Baiskeli ikibaki kidogo mlangoni tope hukauka, na brashi ngumu ya kufulia huliondoa bila maji. Baadaye hufuata kitambaa kilicholowa na kukamuliwa, kuanzia usukani kushuka chini, maana ukianzia chini utapaka uchafu wa mnyororo kwenye tandiko. Kitambaa cha mwisho ni kikavu, na hicho ndicho chenye kazi kubwa kuliko vyote, kwa kuwa maji yanayoachwa kwenye vichwa vya spoki, chini ya madigadi na penye skurubu ndiyo yanayoanza kula. Akipita mtu na baiskeli ufukweni au penye maji ya bahari, hiyo haisubiri Alhamisi. Ipanguswe kwa maji baridi jioni ile ile.

Mnyororo ndio uliotugharimu. Tuliusugua kwa mswaki mkuukuu uliotiwa mafuta ya taa, na mara ya kwanza tulifanya kazi hiyo roshani bila ya kutandika kitu. Matone meusi yakapita ukingoni, yakashuka hadi kwenye kamba ya nguo ya Bibi wa ghorofa ya pili, yule yule wa baridi ya baiskeli, ambako kanzu nyeupe ya mumewe ilikuwa ikingojea sala ya Ijumaa. Safari hii hakututupia fumbo. Alipanda mwenyewe, ameishika kanzu mbele yake kama bendera, akasimama mlangoni. Tuliifua mara tatu, madoa yakafifia yasitoke, tukanunua nyingine. Tangu hapo tunatandika gazeti kuukuu na juu yake gunia, na mafuta yaliyochafuka tunayakusanya kwenye kopo lenye kifuniko, hatuyamwagi popote. Na kwa kuwa mafuta ya taa ni moto unaosubiri, kazi hiyo haifanywi jiko likiwaka, wala chupa yake haikai mahali mtoto anapofikia, wala haitiwi katika chupa ya soda hata siku moja. Watoto hunywa.

Mnyororo ukikauka hutiwa mafuta mepesi ya cherehani, tone moja kila kiungo, ukazungushwa, kisha mafuta ya ziada yakafutwa yote. Mafuta yanayoonekana kwa nje hayana kazi ila kukamata vumbi na kupaka suruali. Tulijaribu zamani mafuta ya nazi, kwa kuwa yapo jikoni na hayana gharama mpya. Baada ya wiki chache yaligeuka utomvu, na fundi alituuliza kama tumeutia asali. Tandiko nalo lifunguliwe mara moja kwa mwaka, bomba lake lipakwe grisi lirudishwe, la sivyo kutu huliganda ndani ya fremu na hapo hata fundi atachoka. Sisi hufanya hivyo kabla ya masika.

Jambo moja twataka wazazi walisikie kwa uzito wake. Siku mbili kabla ya Idi, mwanetu alitaka baiskeli yake ing'are. Akachukua ile chupa ya mafuta ya cherehani akapaka rimu zote mbili, akazisugua kwa kitambaa zikawaka kama sahani. Alikuwa anajivunia kazi yake, nasi tulimsifu bila ya kutazama amesifiwa kwa nini. Asubuhi alipofika kwenye mteremko alibana breki, na vipande vya mpira wa breki vikateleza juu ya rimu kama sabuni. Alijitupa kando, nyasi zikampokea, akachubuka viwiko, na nyuma yake gari ilipita kwa kasi. Rimu huoshwa kwa maji ya sabuni na kukaushwa. Mafuta hayakaribii rimu wala mpira wa breki. Mpira uliokwisha kunywa mafuta tuliutupa tukanunua mwingine, ni vitu vya bei ndogo. Siku hizi kila Alhamisi baada ya kusafisha, mwanetu haruhusiwi kuipandisha kulabuni mpaka ameishika breki ya mbele na ya nyuma mbele ya mmoja wetu, na gurudumu likakataa kusogea.

Plasta ya Babu ilifunguliwa baada ya wiki sita kama walivyosema, lakini kifundo hakijarudi kama zamani; hawezi kukamua nguo wala kubeba ndoo iliyojaa kwa mkono huo. Maji yake huyapandisha mwanetu, bila kuambiwa, na hapa hatumsifu sana kwani Bibi wa juu humlipa kwa visheti. Alfajiri mmoja wetu hufungua mlango akisikia fimbo ikigonga vidato, wakashuka pamoja na tochi. Njiani huzungumza baiskeli zaidi ya jambo jingine lolote. Uzi wa kanzu bado tunao. Umo ndani ya kopo la misumari.

Wiki iliyopita, kwenye kituo cha ngazi cha ghorofa ya kwanza, imetokea baiskeli mpya nyekundu, imefungwa kwa mnyororo kwenye chuma cha ukingo. Ni ya kijana aliyehamia mwezi huu na mke wake mchanga. Kulabu moja ya nondo imetubakia. Tumebisha hodi kwake mara mbili hatukumkuta, na tutarudi Jumamosi, mchana, na kulabu mkononi.